SOMO LA SHERIA: MATUMIZI YA MASWALI YA MAANDISHI KATIKA SHAURI LA TALAKA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kwamba somo la ukurasa huu linahusu njia moja ya kisheria ambayo wengi hawaijui, nayo ni kumwuliza mwenzi wa ndoa maswali kwa maandishi, kwa ruhusa ya Mahakama, wakati shauri la talaka likiendelea. Somo linahusu zaidi sheria za Tanzania Bara, kwa kuwa wakazi wengi wa Visiwani wana wake, waume, watoto na mali huko, na wengine hujikuta wameitwa katika mahakama za Bara bila ya kujua taratibu zake. Kila msomaji anaombwa alisome lote kabla ya kulitumia.

1. MADHUMUNI YA SOMO

Katika mashauri mengi ya talaka, muda mrefu hutumika katika kueleza nani alimkosea nani. Mali, madeni na matunzo ya watoto hufikiwa mwishoni, pande zote mbili zikiwa zimechoka na fedha za nauli zimekwisha. Hapo ndipo mmoja wao husema kwa uchungu, "Ana mali nyingi, Mheshimiwa, ila anazificha." Hakimu humwuliza, "Mali zipi, ziko wapi, na ushahidi wako ni upi?" Naye hubaki kimya.

Kimya hicho huleta hasara kubwa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, anayedai jambo ndiye mwenye jukumu la kulithibitisha. Mahakama haiwezi kugawa mali isiyoijua, wala haiwezi kumpunguzia mtu deni ambalo halikutajwa mbele yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu daftari la mali ya ndoa liko mkononi mwa mmoja tu, na huyo mwingine, aliyepika, aliyelima, aliyelea au aliyeuza sokoni miaka yote, hajapata kulifungua. Maswali ya maandishi yamewekwa na sheria ili daftari hilo lifunguliwe kabla ya siku ya kusikiliza shauri.

2. MFANO WA SOMO: KESI YA IPOGOLO

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia, wala haumhusu mtu yeyote.

Ipogolo ni eneo la Manispaa ya Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini. Mji wa Iringa umekaa juu mlimani, na Ipogolo iko chini, mahali ambapo barabara ipandayo mjini huachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na hadi Zambia. Malori yanayobeba mbao za Mufindi, viazi vya Njombe, na nyanya na vitunguu vya Ilula hupita njia hiyo, na baadhi ya bidhaa hizo huvuka bahari hadi masoko ya Unguja.

Mume katika mfano wetu ni mwenyeji wa Unguja aliyekuwa dereva wa lori katika njia hiyo. Alimwoa mwanamke wa Ipogolo mwaka 2004, na ndoa ikaandikishwa. Mke alikuwa mama lishe, mwenye kibanda cha chakula kando ya barabara. Walipata watoto watatu. Mwaka 2012 walinunua kiwanja wakajenga nyumba kidogo kidogo. Mwaka 2016 mume aliacha kazi ya kuajiriwa akaanza kuendesha lori ambalo alimwambia mkewe kuwa ni "la kwetu". Mke hakuiona kadi ya gari hata siku moja. Baadaye mume alianza kukaa Unguja miezi kwa miezi, na kukavuma habari kwamba ana sehemu katika duka la mbao huko. Mwaka 2021 aliacha kabisa kurudi.

Mke alipoamua kuomba talaka, alikuwa na mambo matatu mkononi: cheti cha ndoa, karatasi ya mauziano ya kiwanja iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, na daftari la shule lenye hesabu za kibanda. Mengine yote alikuwa anayasikia tu.

3. HATUA ZINAZOTANGULIA

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania, haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Mgogoro hupelekwa kwanza katika Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa. Ikishindikana kuwapatanisha, Bodi hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo huambatanishwa na maombi ya talaka. Maombi yafunguliwe kabla ya miezi sita kupita tangu hati ilipotolewa. Yapo mazingira machache ambayo sheria inaruhusu hatua ya Bodi isifuatwe, lakini mwananchi asijihesabie kuwa yumo miongoni mwa hayo kabla ya kupata ushauri.

Maombi yenyewe, kwa mujibu wa kifungu cha 106, yaeleze habari za ndoa, majina na umri wa watoto, tuhuma kuu, na makubaliano yaliyopo kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali. Pasipo makubaliano, mwombaji aandike mapendekezo yake. Watu wengi huandika kwa mkato, "Naomba mgawanyo wa mali za ndoa," wakaishia hapo. Mwombaji ajitahidi kutaja kila mali anayoijua na kila mali anayoidhania, akitenganisha waziwazi anayoijua na anayoidhania. Maswali ya maandishi hujengwa juu ya yale yaliyomo katika maombi na majibu. Jambo ambalo halikuguswa humo ni vigumu kuliuliza baadaye.

4. MASWALI YA MAANDISHI NI NINI

Utaratibu huu umo katika Amri ya 11 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, Sura ya 33. Kabla ya mwaka huo Tanganyika ilikuwa ikitumia Sheria ya India ya mwaka 1908, na Amri hii imefuata mtindo wa huko. Kwa ufupi, inasema hivi:

(a) Kila upande katika shauri unaweza, kwa ruhusa ya Mahakama, kuupelekea upande wa pili maswali kwa maandishi ili uyajibu.

(b) Maswali yanayokusudiwa huonyeshwa kwanza kwa Mahakama, nayo huruhusu yale tu yanayohitajika kwa ajili ya kuamua shauri kwa haki au kwa kupunguza gharama.

(c) Swali lisilohusu jambo linalobishaniwa halikubaliki, hata kama lingeweza kuulizwa kwa mdomo wakati wa kumhoji shahidi.

(d) Majibu hutolewa kwa hati ya kiapo, yaani mjibuji huapa au huthibitisha mbele ya mwenye mamlaka, kama vile Kamishna wa Viapo, kwamba anayoyasema ni kweli.

(e) Anayeuliza maswali kwa kusumbua, au kwa urefu usio na sababu, anaweza kuamriwa alipe gharama zake.

Msomaji aangalie neno "upande wa pili". Maswali haya hayapelekwi kwa ndugu, jirani, mwajiri au benki. Hao si sehemu ya shauri. Wakihitajika huitwa kama mashahidi, au huamriwa na Mahakama kuleta nyaraka.

Njia hii haikuanzia kwetu. Uingereza iliyaruhusu maswali ya aina hii katika mahakama zake za kawaida kwa sheria ya mwaka 1854, baada ya kutumika kwa muda mrefu katika mahakama za usawa. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kanuni ya mwaka 1993 iliweka kikomo cha maswali 25 kwa kila upande, isipokuwa kwa ruhusa au makubaliano, kwa sababu watu walikuwa wakiandikiana mamia. Funzo lililopatikana huko linatufaa na sisi: maswali machache yaliyotungwa vizuri hufaa kuliko mengi ya kubahatisha.

5. NAMNA YA KUTUNGA SWALI

Kuuliza si ujinga, lakini kuna swali linalofungua mlango na swali linaloufunga. Aliyeumizwa katika ndoa huwa na maswali mengi moyoni, na mengi kati ya hayo hayana majibu ambayo Mahakama inaweza kuyatumia. Tazama mifano hii:

Swali baya: "Kwa nini ulinidanganya miaka yote hiyo?"
Swali zuri: "Je, kati ya mwaka 2016 na 2021 ulipokea mapato yoyote kutokana na lori unaloliendesha? Kama ndiyo, taja kiasi kwa kila mwaka kadiri unavyojua."

Swali baya: "Taja mali zako zote ulizoficha."
Swali zuri: "Taja kila kiwanja, shamba au nyumba uliyoinunua, wewe mwenyewe au kwa jina la mtu mwingine, tangu siku ya ndoa hadi siku maombi haya yalipofunguliwa, eleza mahali kilipo, tarehe na bei."

Swali baya: "Huyo mwanamke wa Unguja umemjengea nini?"
Swali zuri: "Je, tangu mwaka 2018 umetoa fedha za kujengea au kununulia nyumba ambayo haimo katika majibu yako? Kama ndiyo, taja kiasi, tarehe na mahali ilipo."

Tofauti ni dhahiri. Swali zuri lina mambo manne: linahusu jambo linalobishaniwa, lina mipaka ya muda, linauliza jambo moja kwa wakati mmoja, na jibu lake linaweza kupimwa kwa karatasi au kwa shahidi. Swali baya linataka kumwaibisha mtu, na mwenye kuulizwa hupewa nafasi ya kulikataa kwa kusema ni la kashfa au halihusiani na shauri. Mahakama ikikubaliana naye, swali hufutwa, na mwulizaji huwa amepoteza nafasi yake, kwa maana sheria hairuhusu kumpelekea mtu huyohuyo orodha ya pili bila ya amri maalumu.

6. ORODHA YA MKE WA IPOGOLO

Mke katika mfano wetu alifungua maombi yake katika Mahakama ya Wilaya ya Iringa. Mume alileta majibu akisema kwamba hana mali yoyote isipokuwa nyumba ya Ipogolo, na kwamba aliijenga peke yake. Kabla ya siku ya kusikiliza, mke alisaidiwa na msaidizi wa kisheria kuandaa maombi ya ruhusa pamoja na hati ya kiapo. Mahakama iliruhusu maswali haya saba:

Swali la 1. Je, lori unaloliendesha tangu mwaka 2016 limesajiliwa kwa jina lako? Kama sivyo, limesajiliwa kwa jina la nani, na wewe unalitumia kwa makubaliano gani?

Swali la 2. Ni nani aliyelipa bei ya lori hilo, lini, na fedha zilitoka wapi?

Swali la 3. Taja kila akaunti ya benki, ya fedha za simu, na ya chama cha akiba na mikopo iliyokuwa kwa jina lako tangu tarehe 1 Januari 2018 hadi siku maombi haya yalipofunguliwa.

Swali la 4. Je, una fungu, hisa au fedha katika biashara yoyote ya mbao huko Unguja? Kama ndiyo, ni kiasi gani, na tangu lini?

Swali la 5. Je, unakubali kwamba mabati na saruji ya nyumba ya Ipogolo vilinunuliwa mwaka 2013 na 2014 kwa fedha za kibanda cha chakula? Kama hukubali, eleza vilinunuliwa kwa fedha zipi.

Swali la 6. Taja kila deni unalodaiwa, jina la anayekudai, tarehe ya kukopa, na mali iliyowekwa dhamana.

Swali la 7. Taja kila malipo uliyoyafanya kwa ajili ya chakula, matibabu na shule ya watoto tangu ulipoondoka mwaka 2021.

Msomaji ataona kwamba hakuna neno la matusi katika orodha hiyo, na kwamba swali la 5 halimwulizi mume aeleze historia ya nyumba, bali linamtaka akubali au akatae jambo moja. Jambo lililokubaliwa halihitaji tena kuthibitishwa. Mke huokoa nauli ya mashahidi, na Mahakama huokoa siku nzima.

Msomaji ataona pia kwa nini swali la 5 ni muhimu kuliko lilivyo fupi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni yake peke yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini kifungu cha 114 kinaipa Mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyoingiwa kwa faida yao wote na mahitaji ya watoto. Katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Pamoja na hayo, Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu zaidi, kwa kuwa ushahidi ulionyesha kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe za kuanzishia biashara, na fedha hizo hazikuifaa familia.

Shauri hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mchango usio wa fedha unahesabika. Pili, hesabu hufanywa pande zote mbili. Kwa hiyo mume naye ana haki ileile ya kumwuliza mkewe kwa maandishi juu ya fedha za kibanda, za vikoba, au za mashamba ya kwao.

7. NAMNA YA KUJIBU

Aliyepelekewa maswali asiyachukulie kuwa ni ugomvi mpya. Afuate mambo haya:

(a) Aangalie muda aliopewa na sheria au na Mahakama, na asiuache upite. Akiona hautoshi, aombe nyongeza mapema.

(b) Ajibu kila swali kwa namba yake. Kama analipinga, aeleze sababu katika majibu yake: kwamba ni la kashfa, halihusiani na shauri, au linagusa siri inayolindwa na sheria, kama mashauriano yake na wakili.

(c) Asiandike "sikumbuki" ilhali karatasi zimo kabatini. Anatakiwa ajibu kwa kadiri ya ujuzi wake baada ya kutafuta. Jibu lisilotosheleza humpa mwulizaji nafasi ya kuiomba Mahakama imwamuru ajibu upya, kwa kiapo au kwa mdomo mbele ya hakimu.

(d) Asiseme uongo. Majibu haya ni ya kiapo, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Zaidi ya hayo, hakimu anayekuta uongo katika jibu moja huwa na sababu ya kutoyaamini mengine.

(e) Asikae kimya. Anayekataa kutii amri ya kujibu, kama ndiye mwombaji, shauri lake linaweza kufutwa. Na kama ndiye mjibu maombi, utetezi wake unaweza kuondolewa, likasikilizwa kana kwamba hakujitetea.

Majibu yakishapokelewa, upande ulioyaomba unaweza kuyatumia kama ushahidi, yote au baadhi. Lakini Mahakama ina haki ya kuyatazama yote, ili mtu asichukue nusu ya jibu inayompendeza akaiacha nusu inayomwumiza.

8. YALIYODHIHIRIKA

Mume katika mfano wetu alijibu. Katika swali la 1 na la 2 alisema lori limesajiliwa kwa jina la ndugu yake, lakini akakiri kwamba sehemu kubwa ya bei aliilipa yeye. Katika swali la 4 alikiri kuwa na fungu katika duka la mbao. Katika swali la 5 alikubali mabati, akakataa saruji.

Jibu zito lilikuwa la swali la 6. Mume aliandika kwamba mwaka 2020 alikopa fedha kwa mtu binafsi, na akaiweka nyumba ya Ipogolo rehani. Mke alikuwa akiishi humo na watoto watatu, akipanga na mafundi juu ya dari, na hakujua kwamba siku yoyote mtu angeweza kubisha hodi akidai nyumba ni yake.

Laiti jambo hilo lingejulikana baada ya hukumu, angepewa fungu katika nyumba iliyokwisha kuondoka. Kwa kuwa alilijua mapema, alikuwa na njia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Tena Mahakama ina uwezo wa kuzuia au kutengua uhamishaji wa mali unaokusudia kumnyima mtu matunzo anayostahili. Aliyajua hayo kwa sababu aliuliza juu ya madeni, swali ambalo wengi hulisahau kwa kudhani kwamba mgawanyo ni wa mali tu.

Hata hivyo, jibu hilo lilikuwa na upande wake mchungu. Mume alieleza kwamba sehemu ya mkopo ililipia matibabu ya mtoto wao wa pili. Kama ni kweli, sehemu hiyo ni deni la familia, na mke naye atalibeba katika hesabu. Anayeuliza na awe tayari kusikia. Maswali ya maandishi huleta ukweli wote, wenye faida na wenye hasara, nao ndio msingi wa hukumu inayodumu.

9. WAJIBU WA WATUMISHI WA SERIKALI

Watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(i) Mtumishi anayetunza kumbukumbu za ardhi, magari, mishahara au pensheni asimpe mume au mke habari za mwenzake kwa sababu ya kujuana au kuhurumiana. Amwelekeze mahakamani, na amri ya Mahakama ikifika aitekeleze bila ya kuchelewa. Ucheleweshaji wa wiki mbili ofisini unaweza kuwa mwaka mzima kwa mwenye shauri.

(ii) Mtumishi ambaye yeye mwenyewe ni mume au mke katika shauri ataje mshahara, posho, mikopo na akiba zake kwa ukweli. Kuhamishwa kituo hakumwondolei wajibu wa kujibu.

(iii) Viongozi wa mitaa na shehia wanaoshuhudia mauziano ya viwanja watunze nakala, na waandike majina ya mume na mke pale ambapo wote wawili wamenunua. Karatasi ya kiongozi wa mtaa ndiyo iliyompa mke wa mfano wetu mahali pa kuanzia.

10. MIPAKA YA UTARATIBU HUU

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 hutumika katika Mahakama Kuu, Mahakama za Hakimu Mkazi na Mahakama za Wilaya. Mahakama za Mwanzo, ambazo nazo zina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa, zina kanuni zake, na maswali huulizwa kwa mdomo. Mwenye shauri huko na aandike orodha yake nyumbani kwa mtindo uleule tuliouonyesha, kisha ayaulize siku ya kusikiliza. Ataona kwamba swali lililoandikwa kwa utulivu halimpotei kinywani hata akikasirishwa.

Kwa wakazi wa Visiwani, Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Mashauri ya ndoa na talaka ya Waislamu Zanzibar husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Anayetaka kuomba talaka katika mahakama ya Bara sharti awe na makazi ya kudumu huko, au awe ameishi huko kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kufungua maombi. Mwenye shaka amwone karani wa mahakama iliyo karibu naye, au watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, ambao kwa upande wa Bara huongozwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

11. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mume au mke hawezi kuipelekea benki maswali ya maandishi?
2. Geuza swali hili liwe zuri: "Fedha za korosho ulizifanyia nini?"
3. Mjibu maombi amekaa kimya baada ya amri ya kujibu. Ni jambo gani linaweza kumpata?
4. Kwa nini mke wa Ipogolo aliuliza juu ya madeni?
5. Je, wewe na mwenzako mnajua karatasi za mali zenu ziko wapi?

12. MWISHO

Somo hili halikuandikwa ili kuwahimiza watu kuachana. Bodi za usuluhishi zipo, na wazee wapo, na ndoa iliyosuluhishwa ni bora kuliko shauri lililoshinda. Lakini pale ambapo ndoa imevunjika, kilichobaki ni haki ya watu wawili na hatima ya watoto wao, na haki hiyo haipatikani kwa kelele wala kwa minong'ono ya mtaani. Hupatikana kwa swali la wazi, lililoandikwa kwa adabu, na jibu la kweli lililotiwa saini chini ya kiapo.

Wananchi wanashauriwa kulikata somo hili na kulihifadhi pamoja na vyeti vyao.